Chanda Chema Ndicho Kinacholipwa

Ami yangu ana miaka 70 na ushei, mvuvi wa mshipi wa kijiji cha Matondoni, na juzi nilimsindikiza Lamu mjini kwenda kuchukua pesa yake ya wazee, ile 2,000 kwa mwezi serikali inayowapa waliopita 70, na kwa vile ilikuwa imejikusanya miezi kadhaa mzee alikuwa ameshaipangia yote kichwani, deni la duka, nyuzi mpya za mshipi, na nyama kilo mbili maana anasema samaki amemchosha. Tukapanga foleni tangu saa mbili asubuhi. Ilipofika zamu yake kijana akamwambia weka kidole gumba, akaweka, mashine ikalia tii. Weka tena. Tii. Haya jaribu cha shahada, jaribu cha kati, jaribu mkono wa kushoto, tii, tii, tii.

"Mzee, huna alama."

"Sina alama vipi na n'na vyanda kumi hapa? Vihisabu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Na kijana wa watu hakuwa na ubaya wowote, alimfuta vidole kwa kitambaa, akamwambia avipumulie vipate unyevu, akaifuta na mashine yenyewe, wapi. Mwisho akamwambia rudi siku nyingine, labda mashine itakubali.

Labda mashine itakubali. Hilo neno nililala nalo, manake pale kwenye foleni hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa na shaka kwamba huyu ni yeye. Mzee wa mtaa alikuwepo, nusu ya waliosimama nyuma yetu walikula pilau ya harusi yake, kijana mwenyewe anamjua kwa jina na kwa jina la babake. Kitambulisho anacho mkononi, picha ni yake, sura ni yake. Kila mtu mle ndani alijua huyu ni nani isipokuwa mashine, na mashine ndo iliyokuwa na neno la mwisho.

Wazee wetu walisema chanda chema huvikwa pete. Sasa naona pete tumeachana nayo, chanda chema ndicho kinacholipwa.

Kabla hamjaniambia mimi ni mtu wa zamani naogopa teknolojia, hapana, simu yangu naifungua kwa kidole mara mia kwa siku na M-Pesa pia nimeiwekea, na nikisahau PIN nashukuru Mungu kidole hakisahauliki. Hii sayansi si uongo. Vile vijituta vya ngozi ya kidole hujengeka mtoto akiwa tumboni, mimba haijafika hata miezi sita vimeshakaa, na hata mapacha wa kufanana kama shilingi kwa ya pili vidole vyao havifanani. Mashine nayo haihifadhi kidole kama picha ya harusi ukutani, inatafuta sehemu ambazo tuta limekatika ghafla, au limegawanyika njia mbili kama kichochoro cha Langoni, inapima kila sehemu iko wapi na inaelekea wapi, alafu yote inayageuza namba. Ukija mara ya pili inatoa namba mpya inalinganisha na zile za kwanza, zikikaribiana vya kutosha wewe ndiye, zisipokaribiana wewe siye. Basi.

Sasa yale matuta ni madogo, na yako juu ya ngozi, na ngozi ni kitu cha kutumika. Ami amevuta mshipi tangu hajabaleghe, ule uzi unapita kwenye pingili zilezile za vidole miaka sitini, samaki akivuta unakata, maji ya chumvi yanaingia, jua linakausha. Mwangalie fundi wa mawe anayechanganya chokaa na saruji kwa mkono, mwangalie mchukuzi wa pale gatini, au mama anayesuka makuti na ukili tangu asubuhi mpaka alaasiri, hao wote vidole vyao vimepigwa msasa. Ongeza uzee, maana ngozi ya mzee ni kavu na nyembamba na matuta yameshuka. Zile mashine zinazosoma kwa umeme mdogo wa ngozi hazipendi kidole kikavu kabisa, zinazosoma kwa mwanga hazipendi kidole kilichochakaa, na kidole kilichokaa majini saa nzima kikajikunja kama zabibu hakipendwi na yeyote. Yaani ukitaka kumtafuta mtu ambaye mashine itamsoma vizuri bila matatizo, mtafute kijana wa ofisini, mikono laini, kiyoyozi, kazi yake kalamu na kibodi. Pesa ya wazee maskini imewekewa kufuli ambalo ufunguo wake ni mkono wa mtu asiye mzee wala maskini. Wallahi sijui nani alikaa akapanga hivo.

Na hapa ndo kuna kitu watu wengi hawakijui. Mashine haisemi ndiyo wala hapana kwa hiari yake, inatoa kiasi cha kufanana tu, na kuna binadamu mahali fulani aliyeamua ikifika hapa tukubali, ikiwa chini ya hapa tukatae. Ule mstari ukiuinua juu, mwizi hapiti lakini na wenyewe wengi wanakataliwa. Ukiushusha, wenyewe wanapita na mwizi anaweza kupenya pamoja nao. Haiwezekani kuondoa makosa yote mawili kwa mpigo, unachagua kosa gani unaliogopa zaidi. Benki inaogopa mwizi, sawa, pesa ni zao. Lakini kwenye pesa ya wazee swali ni tofauti, tuseme katika kila wazee mia moja, watatu wanakataliwa kila mwezi na katika hao mia hakuna hata mwizi mmoja, tumelinda nini hapo? Na huyo aliyeuchora mstari hayuko kwenye foleni, hakai Lamu, hajui Matondoni iko kisiwa gani. Anayetukanwa ni yule kijana wa mashine ambaye hana hata kitufe cha kumsaidia mzee.

Nilipokuwa nawaza haya nikakumbuka kwamba sisi Kenya kitambulisho bado tunakiita kipande, na wengi wa vijana hawajui neno hilo limetoka wapi. Kipande kililetwa na sheria ya mkoloni ya 1915, kikaanza kutumika hasa kuanzia 1919 na 1920 vita vilipoisha, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa atembee nacho, kwenye kikopo cha bati kinaning'inia shingoni, ndani kuna jina lake, kabila lake, mwajiri wake, mshahara wake, na alama za vidole vyake. Ukikamatwa huna, kosa. Ukimkimbia mzungu wako shambani, vidole vitakushtaki. Na huku pwani ndo yale mabishano ya nani ni mwenyeji wa kubebeshwa kipande na nani si mwenyeji, Mwarabu huyu, Mswahili yule, watu walikwenda mpaka serikalini kupigania wasiwekwe kwenye fungu la kipande, na majeraha mengine ya mabishano yale mpaka leo hayajafunga.

Elimu yenyewe ya alama za vidole ilivuka bahari yetu hii hii. Mwingereza mmoja akiitwa William Herschel, mtawala huko Bengal, India, mwaka 1858 alimpigisha mkandarasi wa barabara mhuri wa kiganja kizima kwenye mkataba ili kesho asije akaruka akasema sahihi si yangu. Baadaye Calcutta ikafunguliwa ofisi ya alama za vidole 1897, na kazi ngumu ya kutafuta njia ya kuzipanga kwa hesabu ilifanywa na Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, lakini mfumo ukaitwa kwa jina la bosi wao Edward Henry (bosi ni bosi, tangu zamani). 1901 ikafika kwa polisi wa Scotland Yard, London. Kwa hiyo mtu akikwambia haya ni mambo mapya ya dijitali mwambie akae kwanza, tunatiwa wino vidoleni zaidi ya miaka mia moja sasa, kilichobadilika ni wino tu.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi kwenye historia hii ni cha walowezi. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ikaleta sheria ya kusajili watu wa rangi zote, Mzungu naye atoe vidole. Walikuja juu! Wakasema wanafanywa kama wahalifu, haiwezekani, ni aibu. Basi wakalegezewa, anayejua kusoma na kuandika akaruhusiwa atoe picha na sahihi, vidole akae navyo. Umeona? Njia nyingine ilikuwepo siku zote. Ilikuwa haijaombwa na mtu anayesikilizwa.

Njoo karibu zaidi, uchaguzi wa 2013. Tulisajiliwa kwa BVR, ile mashine ya kusajili wapiga kura kwa vidole na picha, watu zaidi ya milioni 14, na siku ya kupiga kura mashine za kutambua wapiga kura zikazimika sehemu nyingi, betri zimekufa, stima hakuna, makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi. Kelele zikafika Mahakama ya Juu. Na kabla ya uchaguzi wa 2017 wanasiasa wakagombana bungeni mpaka sheria ya uchaguzi ikaongezwa kipengele kwamba lazima kuwe na njia ya ziada mashine ikishindwa. Sitaki kuingia nani alikuwa na nia gani kwenye ugomvi ule, upinzani waliona ni mlango wa wizi wa kura na huenda walikuwa na sababu zao. Ninachosema ni kwamba wakubwa walipojiona kura zao zinaweza kupotea kwa sababu kidole cha mtu hakikusomeka, walikaa chini wakaandika sheria. Mlowezi alipata mlango wa pili, mwanasiasa alipata mlango wa pili, ami yangu anaambiwa rudi siku nyingine.

Najua kuna atakayesema mbona basi tusirudi zamani, mzee wa mtaa athibitishe yaishe. Hapana, na hapa nataka niwe mkweli kuhusu mji wetu. Sisi Lamu utambulisho wetu mkubwa ni swali moja tu, mwana wa nani? Ukikaa uwanja wa Mkunguni jioni mtu anakuja kwa mbali hujaona sura, unamjua kwa mwendo, unamjua kwa kikohozi, mwanamke kavaa buibui na ninja ya kufunika uso lakini watoto wa mtaani wanamuamkia kwa jina lake, hiyo nayo ni baiometriki na haihitaji betri. Ila swali hilohilo la mwana wa nani ndilo lililowatesa watu. Ulizia Wabajuni wa Kiunga na Faza habari za kuhojiwa kabla ya kupewa kitambulisho, lete cheti cha babu, lete shahidi, babu alizaliwa wapi, na babu huyo alizaliwa kabla vyeti havijazaliwa. Ulizia Wapemba wanaovua pwani ya Kilifi, watu wamezaliwa hapa, wazazi wao wamezaliwa hapa, na ni 2023 tu ndo walikubaliwa rasmi kuwa Wakenya, miaka yote hiyo samaki wanatuvulia lakini hata laini ya simu wanasajili kwa jina la mtu mwingine. Kwa hiyo binadamu naye ana mstari wake wa kukubali na kukataa, na mara nyingi ameuchora kwa chuki au kwa hongo.

Tofauti ni moja. Mzee wa mtaa akinikataa naweza kubishana naye, naweza kumletea mashahidi, naweza hata kumsema barazani mpaka aone haya. Mashine haioni haya.

Alafu ina kumbukumbu ya kutisha. Wenzetu wa Garissa hapo jirani wanaijua hii. Miaka ya njaa kuna Wakenya waliojiandikisha kambini Dadaab kama wakimbizi wapate chakula au matibabu, wengine walikuwa watoto wadogo wamebebwa na mama zao, vidole vikachukuliwa. Amefika miaka 18 anaenda kuomba kitambulisho, mashine inasema huyu ni mkimbizi. Maelfu kwa maelfu ya watu wakakwama hivo, huna kitambulisho husomi chuo, huajiriwi, husafiri, kwa sababu ulikula mgao wa unga ukiwa na miaka mitano. Hapo sasa mashine haikukosea hata kidogo, kidole ni chako kweli, ilichokosea ni maana ya kidole. Hilo mimi naliona baya kuliko la ami.

Na wale wanaotoa viungo vyao kwa bei ya kutupa, si mnakumbuka Worldcoin, ule mradi wa kusajili watu kwa macho, 2023? Vijana walijaa jumba la mikutano la KICC Nairobi mpaka barabarani, unatazama dude la duara kama mpira wa chuma, linapiga picha mboni ya jicho, unapewa sarafu za mtandaoni zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha Agosti ileile, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data iliyochukuliwa ifutwe. Wengi waliwacheka wale vijana, mimi siwezi, 7,000 kwa mtu hana kazi ni kodi ya nyumba. Lakini PIN ikiibiwa unabadilisha, mboni ukiiuza utapata wapi nyingine? Na usidhani serikali zina kabati lisilovunjika, Marekani kwenyewe mwaka 2015 ilibainika wadukuzi wameondoka na alama za vidole za watu milioni 5.6 waliofanya au kuomba kazi serikalini. Hao mpaka wanakufa vidole vyao viko kwa mtu mwingine.

Kuna wanaosema vidole vimepitwa, tuhamie uso. Sawa, lakini uso wa nani? Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za biashara zinazokisia jinsia ya mtu kwa kutazama uso, kwa wanaume weupe makosa hayakufika hata asilimia 1, kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Programu zimeboreshwa tangu hapo, lakini somo ni lilelile la mshipi, mashine ilifundishwa kwa watu fulani ikaletewa watu wengine. Na dada zetu wa ninja mtawaambia nini, wafunue uso mbele ya foleni ya wanaume kila wakitaka huduma? Kama ni lazima basi awekwe mama wa kuwahudumia na pazia, ni jambo la shilingi mia tano, lakini wanaopanga hawaji kutuuliza.

Sheria si kwamba hatuna. Kesi ya Huduma Namba, ule mpango wa serikali wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho, Januari 2020, Mahakama Kuu ilikataa serikali isichukue DNA wala kumuwekea mtu alama ya GPS nyumbani kwake, ikasema na hayo mengine yasiendelee mpaka kuwe na utaratibu kamili wa kisheria. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inakupa haki usikatiwe jambo zito linalokuhusu na kompyuta peke yake. Sasa mimi si wakili, lakini mzee wa 70 kunyimwa posho kwa sababu ya tii, binadamu wote waliomzunguka wanajua ni yeye na hakuna anayeruhusiwa kusema hivo, kama hilo si jambo zito lililokatwa na mashine peke yake basi sijui ni lipi. Haihitaji makubwa. Mashine ikikataa mara tatu, kijana awe na fomu, kitambulisho kiangaliwe kwa macho, mashahidi wawili waweke sahihi, mzee alipwe siku ileile, na kama kuna wizi uchunguzwe baadaye na mwenye ofisi, kwa nauli ya mwenye ofisi. Sasa hivi anayelipa nauli ya kosa la mashine ni mzee.

Ami alirudi mara ya pili, tii. Fundi mmoja wa simu pale mjini ndo aliyemwambia ukweli, kwamba ngozi ikipumzishwa wiki kadhaa matuta huanza kurudi, apake mafuta ya nazi usiku na asishike kamba wala chumvi. Jana asubuhi nimepita Matondoni, kaskazi imetulia, bahari kama sinia, wenzake wote wametoka, dau lake limelala mchangani na yeye yuko barazani, mikono ameiweka juu ya magoti, viganja juu, inang'aa mafuta.

"Ami, leo huendi?"

"Siendi. Nafuga vyanda."